Maneno Yaliyozama na Yaliyoelea: Kiingereza cha Mabaharia katika Matini za Fasihi

Mnamo tarehe 22 Novemba 1844, Admeralti ya Uingereza, ambayo ndiyo iliyokuwa na mamlaka juu ya jeshi la majini la nchi hiyo, ilitoa agizo lililohusu neno moja. Ubavu wa kushoto wa meli, ambao kwa karne kadhaa ulikuwa ukiitwa "larboard", ulitakiwa tangu hapo uitwe "port". Sababu ilikuwa ya kikazi. Neno "larboard" na neno "starboard", ambalo ni la ubavu wa kulia, yanafanana mno masikioni, na katika uvumi wa upepo mshika usukani aweza kusikia moja kwa maana ya jingine, akaipeleka meli mwambani. Marekani ilifuata mwezi Februari 1846 kwa agizo la Waziri wa Jeshi la Majini, George Bancroft. Ni nadra neno kuwa na tarehe ya kufa. Maneno mengi hufifia kama ukungu, na mwanaisimu hubaki akikadiria karne. "Larboard" lilihukumiwa kwa barua ya serikali.

Wahakiki wa fasihi ya Kiingereza wanapolitaja tukio hili hulitaja kwa kulipitia tu, kama kichekesho cha tanbihi. Makala haya yanachukua msimamo tofauti. Inadaiwa hapa kwamba neno la kikale la baharini halina ukale wa aina moja. Lipo neno ambalo kwetu ni la kale lakini kwa mwandishi lilikuwa la jana asubuhi. Lipo ambalo hata kwa mwandishi lilikuwa limechakaa na yeye hakujua. Na lipo ambalo mwandishi alilichakaza kwa makusudi. Mhakiki asiyezitenga hali hizi humsingizia mwandishi nia asiyokuwa nayo. Na kwa kuwa matini nyingi zinazohusika zimesomwa, zimefundishwa na baadhi yake kutafsiriwa kwa Kiswahili, kosa hilo si la Waingereza peke yao.

Yafaa kuanza na neno hilohilo lililohukumiwa. Katika Kiingereza cha kale, zama za Mfalme Alfred aliyetawala kati ya 871 na 899, pande mbili za chombo ziliitwa "steorbord" na "bæcbord". Maneno yote mawili yamo katika simulizi ya Ohthere, baharia wa kaskazini mwa Norwei, aliyemweleza Alfred safari yake ya kuizunguka ncha ya nchi yake; simulizi hiyo ilitiwa katika tafsiri ya Kiingereza ya historia ya Orosius. "Steorbord" ni ubavu wa kuongozea, kwa kuwa vyombo vya zama hizo havikuwa na usukani wa tezini bali kasia pana lililofungwa ubavuni, upande wa kulia. Aliyelishika kasia hilo aliupa mgongo upande wa kushoto, na ndiyo asili ya "bæcbord", ubavu wa mgongoni. Neno hili la pili lingali hai katika Kijerumani na Kiholanzi, na Kifaransa kikalikopa. Waingereza wenyewe walilitupa. Kufikia mwisho wa karne ya 14, katika shairi la "Patience" linalosimulia kisa cha Nabii Yunus, ubavu wa kushoto umekwisha kuitwa "laddeborde", jina ambalo yaelekea linatokana na kupakia shehena. Hoja ni rahisi: chombo chenye kasia la kuongozea upande wa kulia hakiwezi kulazwa gatini kwa upande huo bila ya kasia kuvunjika, kwa hiyo huegeshwa kwa kushoto, na shehena hupakiwa kwa kushoto. Baadaye, katika karne ya 16, neno likavutwa na mwenzake likawa "larboard".

Hapa pana jambo la kuchekesha ambalo halina budi kusisitizwa. Mfanano wa sauti ulioisumbua Admeralti haukuwa wa asili. Waingereza walikuwa na jozi ya maneno yasiyoweza kuchanganywa, wakaiacha, wakajifanyia jozi yenye vina, kisha wakaishi na hatari hiyo kwa takriban miaka mia tatu. Na kasia lenyewe lililoleta majina haya lilikuwa limekwisha kuondolewa. Kufikia karne ya 13 usukani wa tezini ulikuwa ukienea katika bahari za kaskazini ya Ulaya. "Starboard" limebaki kuwa ubavu wa kuongozea kwa zaidi ya miaka mia saba baada ya kazi hiyo kuhamia kwingine.

Je, ni Admeralti iliyoleta "port"? La hasha. William Falconer, katika kamusi yake ya mambo ya bahari iliyotoka London mwaka wa 1769, anaeleza bayana kwamba katika amri za usukani mabaharia hutumia "port" badala ya "larboard", kusudi kuepa balaa la mfanano wa sauti. Hiyo ni miaka 75 kabla ya agizo, na matumizi yenyewe ni ya kale zaidi, kwani "port" lilikuwa katika amri za usukani tangu mapema karne ya 17. Kwa hivyo serikali ilichofanya ni kutia muhuri jambo ambalo vinywa vya wafanyakazi vilikuwa vimekwisha kuliamua.

Amri hizo za usukani zina mkanganyiko wake, na mkanganyiko huo umewapotosha wasomaji wengi. Hadi miaka ya 1930, amri ya "starboard" katika meli za Uingereza haikumaanisha kwamba meli igeuke kulia. Ilimaanisha kwamba mkono wa usukani, yaani kana, usukumwe kulia. Na kana ikienda kulia meli hugeuka kushoto. Amri hii iliendelea vivyo hivyo hata baada ya kana kuondoka na gurudumu kushika mahali pake. Ndiyo sababu usiku wa Aprili 1912 amri iliyotolewa katika Titanic kabla ya kugonga siwa la barafu ilitaja "starboard", na meli ikaanza kugeuka kushoto, kama ilivyokusudiwa. Watu waliosoma habari hiyo kwa Kiingereza cha leo wamewahi kudhani kwamba palitokea kosa la kusikia. Hapakuwa na kosa. Mkutano wa kimataifa wa London wa mwaka wa 1929 ndio uliokubaliana kwamba amri itaje upande ambao meli inakwenda, na Uingereza ikatunga sheria ya kutekeleza hilo mwaka wa 1932. Joseph Conrad, aliyekuwa nahodha kabla ya kuwa mwandishi, alifariki mwaka wa 1924. Maana yake ni kwamba mwanafunzi anayesoma hadithi za baharini za Conrad na kukutana na amri ya usukani, hana budi kuigeuza kichwani ndipo aione meli inakoelekea. Neno halikubadilika hata herufi moja, lakini maana yake ya kazi imegeuka kinyume. Huu ni ukale usioonekana kabisa, na kwa sababu hiyo ndio mbaya zaidi.

Agizo la 1844 lilikuwa na mipaka. Herman Melville alichapisha "Moby-Dick" mwaka wa 1851, miaka saba baada ya agizo la Waingereza na mitano baada ya lile la Bancroft, na "larboard" limejaa katika riwaya hiyo. Msomaji wa leo huliona neno hilo kuwa na harufu ya kale, akaliunganisha na lugha nzito ya Ahabu yenye mwangwi wa Biblia na Shakespeare. Kuunganisha huko ni kosa. Lugha ya Ahabu ni ya kale kwa makusudi. "Larboard" la mabaharia wake lilikuwa neno la kazini, kwa kuwa wavuvi wa nyangumi hawakuwa chini ya jeshi la majini la nchi yoyote. Mark Twain naye, katika kitabu chake cha 1883 kuhusu mto Mississippi, anawaacha marubani wa mtoni waseme "labboard" kama walivyokuwa wakisema alipokuwa mmoja wao. Neno lililozikwa London lilikuwa likivuta pumzi mtoni, mbali sana na bahari yoyote.

Suala la iwapo maneno ya namna hii yanastahili kuingia katika ushairi lilijadiliwa mapema, na aliyelijadili kwa uzito alikuwa mtu mmoja mwenye maoni mawili. Mwaka wa 1667 John Dryden alichapisha "Annus Mirabilis", shairi refu kuhusu vita vya majini dhidi ya Waholanzi na moto wa London wa 1666. Katika utangulizi wake anatetea matumizi ya istilahi za baharini: anakiri kwamba hazijui zote, lakini anaona ni aibu kwa mtu wa taaluma kueleza vita vya meli kwa maneno ya jumla, ilhali istilahi za fani ndizo zinazobeba roho ya lugha kuliko maneno mengine. Baadaye katika shairi anawaonyesha mafundi wakizitengeneza meli zilizojeruhiwa, wakitia kalafati katika nyufa za mbao na kumimina lami. Miaka 30 baadaye, akiitoa tafsiri yake ya Virgil mwaka wa 1697, Dryden alikataa kutumia maneno hayo. Hoja yake ya uzeeni ni kwamba Virgil hakuwaandikia mabaharia, askari wala watunza bustani, bali waungwana wa kiume na wa kike, na haifai mshairi awalazimishe kujifunza zaidi ya wanavyohitaji.

Samuel Johnson, akiandika wasifu wa Dryden mwaka wa 1779, aliupenda msimamo wa pili. Kwake ushairi husema lugha ya watu wote, na istilahi za ufundi zizamishwe katika maneno ya jumla. Beti zile za mafundi wa meli akazitaja kuwa mfano wa kuepukwa. Uamuzi huu haustahili kukubaliwa kwa haraka, na Johnson mwenyewe ametoa ushahidi dhidi yake. Katika utangulizi wa kamusi yake kuu ya 1755 alikiri kwamba hakuweza kushuka migodini kujifunza lugha ya wachimbaji, wala kusafiri baharini ili aimudu lugha ya wanamaji. Maneno ya baharini hayakuwa ya watu wachache kwa asili yake. Yalikuwa ya maelfu ya watu, ila watu hao hawakuwa wakialikwa walipoketi watunga kamusi. Johnson alipozungumzia lugha ya watu wote, alikuwa na watu wachache akilini.

Aliyefanya kazi ambayo Johnson hakuweza ni Falconer. Huyu alizaliwa Edinburgh mwaka wa 1732, akaingia baharini angali kijana, na alikuwa miongoni mwa watatu waliookoka pale meli ya biashara iliyoitwa Britannia ilipovunjika karibu na Rasi Colonna, Ugiriki. Ajali hiyo aliifanya shairi, "The Shipwreck", lililochapishwa mwaka wa 1762 bila ya jina lake, likatajwa tu kuwa ni la baharia. Tofauti kati yake na Dryden ni bayana kwa yeyote azisomaye kazi zote mbili. Dryden anaziweka istilahi kama mtu anayeonyesha vyombo vya ugenini. Kwa Falconer istilahi ndizo zinazosukuma kisa. Tanga likipunguzwa kwa kuchelewa, watu watakufa, na msomaji asiyejua ni tanga gani hajui kwa nini wamekufa. Ndiyo maana mshairi alilazimika kuweka maelezo chini ya kurasa, na ni rahisi kuiona kamusi ya 1769 kama maelezo hayo yaliyokua yakawa kitabu.

Hatima ya Falconer inaileta habari hii katika bahari yetu. Mwaka uleule wa kamusi aliajiriwa kuwa mtunza hesabu na vyakula katika manowari ya Aurora, iliyokuwa ikiwapeleka India wakaguzi wa Kampuni ya Mashariki ya India. Aurora ilitia nanga Rasi ya Tumaini Jema, ikang'oa nanga mwishoni mwa Desemba 1769, ikaingia Bahari ya Hindi, na haikuonekana tena. Mtu aliyeyapanga maneno ya bahari kwa alifabeti alipotea pamoja na kila aliyekuwamo melini, na hakuna aliyerudi kueleza ni amri gani iliyotolewa mwisho. Kamusi iliendelea. Mwaka wa 1815 William Burney aliipanua na kuitoa upya.

Kabla ya Falconer, Jonathan Swift alikuwa amekwisha kuuchezea mkasa huu wa maneno kwa namna isiyo na kifani. Katika sehemu ya pili ya safari za Gulliver, iliyotoka 1726, kuna aya ya dhoruba iliyosongamana istilahi kiasi kwamba msomaji wa kawaida haambulii kitu. Kwa muda mrefu aya hiyo ilidhaniwa kuwa ya Swift mwenyewe, hadi katika karne ya 19 ilipogunduliwa kwamba imenakiliwa karibu neno kwa neno kutoka kitabu cha mafunzo ya ubaharia cha Samuel Sturmy, kilichotoka mwaka wa 1669. Kwa hiyo Gulliver anasimulia dhoruba ya mwanzo wa karne ya 18 kwa lugha ya kizazi kilichopita. Swift alilijua jambo hilo au walau alilitumia. Katika toleo la Dublin la 1735 aliongeza barua ambamo Gulliver analalamika kwamba baadhi ya mabaharia wameikosoa lugha yake ya baharini kuwa si sahihi na imepitwa na wakati. Anajitetea kwamba alifundishwa na mabaharia wazee kabisa akasema kama wao, na kwamba watu wa baharini, sawa na wa nchi kavu, hubadili maneno yao mwaka hata mwaka.

Barua hiyo ina thamani kubwa kwa nadharia kuliko inavyokubaliwa kwa kawaida. Swift hakuutumia ukale wa maneno kupamba. Aliutumia kuvunja imani ya msomaji. Vitabu vya safari vya zama zake vilijenga ukweli wao kwa istilahi: anayejua jina la kila kamba bila shaka alikuwapo. Swift anaonyesha kwamba majina ya kamba yaweza kunakiliwa na kasisi wa Dublin akiwa kitini. Kejeli yake ingepotea laiti aya ile ingesahihishwa iwe ya kisasa, na ingepotea pia kama mfasiri angeilainisha ieleweke. Aya hiyo imeandikwa ili isieleweke.

Katika mwaka huohuo wa 1726 kilitoka kitabu cha nahodha George Shelvocke kuhusu safari yake ya kuizunguka dunia, na ndani yake mna kisa cha Simon Hatley, ofisa aliyempiga risasi ndege mkubwa mweusi aina ya albatrosi mwaka wa 1719, akiamini kwamba ndiye anayewaletea upepo mbaya. William Wordsworth alikisoma, akamdokezea Samuel Taylor Coleridge, na mwaka wa 1798 likatoka shairi la baharia mzee. Hapa tunakutana na ukale wa aina ya tatu, ule wa kutengenezwa. Toleo la kwanza lilivikwa tahajia za kikale kuanzia kwenye kichwa chake, "The Rime of the Ancyent Marinere", na maneno kama "eftsoons" ambayo hayakuwa ya baharia yeyote wa mwaka huo. Wasomaji walilalamika, na katika toleo la 1800 Coleridge akazifuta tahajia nyingi. Lakini mwaka wa 1817 akaongeza pambizoni maelezo yaliyoandikwa kwa nathari inayoiga ya karne ya 17. Alichokitoa kwa mkono wa kulia alikirudisha kwa wa kushoto.

Linalostaajabisha ni kwamba alipolitunga shairi hilo Coleridge hakuwa amesafiri baharini. Safari yake ya kwanza, ya kwenda Ujerumani, ilikuwa Septemba 1798, na ya Malta ilikuwa 1804. Baada ya kuwa melini aligundua kwamba mfereji wa maji ambao chombo huuacha nyuma yake, na ambao alikuwa ameueleza kana kwamba unakifuata chombo, huonekana hivyo na mtu aliye ufukoni au katika chombo kingine. Kwa aliye ndani hufanana na kijito kinachotiririka kutoka tezini kwenda mbali. Mwaka wa 1817 akaubadili mstari ule na kuweka tanbihi ya kueleza sababu. Katika matoleo ya baadaye akaurejesha wa zamani, kwa kuwa ulikuwa mtamu zaidi. Sikio lilishinda jicho. Basi katika shairi hili ukale wa maneno unajaza pengo la kutojua bahari, na unalijaza vizuri, kwani baharia wa shairi haiishi bahari yenye ramani. Kulifunga kwa istilahi za Falconer kungelizamisha.

Si maneno yote ya mabaharia yaliyozama. Mengine yalipanda nchi kavu yakasahau kwao. Neno "aloof", ambalo leo ni sifa ya mtu anayejitenga na wenzake kwa ubaridi, lilikuwa amri ya kuelekeza omo kwenye upepo ili chombo kisisukumwe ufukoni. Katika lugha nyingi za Ulaya, neno la kutawala linatokana na kitenzi cha Kiyunani cha kuongoza chombo kwa usukani, lililopitia Kilatini. Na kwa njia hiyo kila gavana wa kaunti aliyechaguliwa nchini Kenya tangu 2013 amebeba, bila ya kujua, cheo cha mshika usukani. Pamoja na ukweli wa aina hii husafiri uwongo mwingi. Kisa mashuhuri ni cha "posh", linalodaiwa kuwa ni herufi za mwanzo za maneno yaliyopigwa chapa kwenye tiketi za matajiri waliokwenda India, waliotaka vyumba vya upande wa kushoto wakati wa kwenda na wa kulia wakati wa kurudi ili walikwepe jua. Hakuna tiketi ya namna hiyo iliyowahi kupatikana. Kisa hiki kinapendwa kwa sababu kinalifanya neno lionekane kuwa na siri, na ni vyema mwanafunzi wa etimolojia ajifunze mapema kuishuku siri iliyokamilika mno.

Yote haya yana uzito wa pekee kwa anayeandika Kiswahili, lugha ambayo nayo ina maneno ya chomboni yanayohamahama. Nahodha amekuwa kiongozi wa timu ya kandanda, na rubani amepanda angani hata vijana wengi hawajui kwamba alianzia majini. Tezi, omo na ngama zimehifadhiwa na methali katika vinywa vya watu wa bara ambao hawajawahi kukanyaga jahazi. Aidha, tofauti kati ya mifumo ya lugha hizi mbili si ya majina tu. "Larboard" na "starboard" zimefungwa kwenye mwili wa chombo. Upepo ugeuke utakavyo, kushoto hubaki kushoto. Joshi na demani hufuata upepo: chombo kikibisha na upepo kuja kwa ubavu wa pili, joshi nayo imehama. Kiingereza kina jozi ya namna hii pia, lakini mfasiri anayeweka joshi mahali pa "larboard" kwa kuwa lina ladha ya bahari atakuwa ameandika Kiswahili kizuri na kuizamisha meli.

Mfano wa kumalizia ni onyesho la kwanza la tamthilia ya "The Tempest" ya Shakespeare, ya mwaka wa 1611 hivi, iliyofasiriwa na S. S. Mushi kwa jina la "Tufani" mwaka wa 1969. Jina hilo lilikuwa uteuzi wa kufurahisha, kwa sababu tufani ya Kiarabu ni mojawapo ya asili za neno la Kiingereza "typhoon". Katika onyesho hilo serahangi, ambaye ndiye msimamizi wa mabaharia, anatoa mfululizo wa amri. Lord Mulgrave, ofisa wa majini aliyewahi kuongoza msafara wa kuelekea Ncha ya Kaskazini mwaka wa 1773, alizichambua amri hizo moja baada ya moja, na maelezo yake yalitiwa katika toleo la Malone la 1821: alionyesha kwamba zinafuatana kama baharia hodari angezitoa chombo kinaposukumwa kuelekea nchi kavu. Neno "yare", lenye maana ya wepesi na utayari, humshtua msomaji wa leo, naye hulitafuta katika kamusi. Halina madhara. Lenye madhara ni "room", neno ambalo mtoto wa shule anadhani analijua. Serahangi anauambia upepo uvume hata ukatike pumzi, maadamu "room" ipo. Si chumba, wala si nafasi ya abiria kusimama. Ni umbali wa maji uliobaki kati ya chombo na ufuko ulio upande wa demani. Umbali huo ukiwapo, dhoruba ni kelele tu. Usipokuwapo, ni mauti, na waungwana waliopanda juu kuwasumbua mabaharia hawalijui hilo. Dharau anayowatupia serahangi ni ya mtu anayehesabu pima za maji huku watu wakimzungumzia mfalme. Mfasiri akiandika "nafasi" pasipo kuitaja bahari wala ufuko, hasira ya serahangi itageuka kuwa utovu wa adabu, na hadhira ya Nairobi au Dar es Salaam itawacheka waungwana bila ya kujua kwamba meli tayari imekwisha kupotea.